Mchango Uliochelewa

Évariste ni seremala wa Kabondo, mjini Kisangani. Hutengeneza vitanda, meza na majeneza. Mkewe, Odile, huuza pondu, yaani kisamvu, sokoni. Walikuwa na watoto wawili: Joëlle wa miaka minane na Arsène wa miaka mitano.

Katika barabara yao, mtu akifa, kila nyumba hutoa mchango wa matanga siku ileile. Hata bahili hutoa, maana anaogopa kusemwa. Lakini kwa mgonjwa hakukuwa na mchango. Watu waliamini kwamba kuweka fedha za ugonjwa ni kuuita ugonjwa nyumbani.

Mwezi wa kwanza, jirani yao Mama Fatouma, ambaye ni muuguzi, alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa akiandikisha watu katika mutuelle, yaani mfuko wa afya wa pamoja.

"Papa Évariste, andikisha batoto," alisema.

"Batoto yangu iko wazima, Mama Fatouma. Unataka kuwaitia ugonjwa?"

Évariste alisema hivyo huku mbao za majeneza zimeegemea ukuta nyuma yake. Hizo hakuziogopa. Binadamu tuna vituko!

Mwezi wa tano, Joëlle alishikwa na homa kali. Malaria ilikuwa imemaliza damu yake. Hospitalini waliomba caution, yaani fedha za kuanzia matibabu.

"Mutoto anahitaji damu leo," daktari alisema. "Lakini lete caution kwanza, papa."

Évariste alikimbia mtaani. Aligonga kila mlango. Papa Hugues, mkubwa wa barabara, alikuna kichwa.

"Bon, ngojea mwisho ya mwezi. Saa hii hatuna kitu."

Saa kumi alasiri Évariste alirudi hospitalini na nusu ya fedha. Alimkuta Odile ameketi sakafuni, amejifunika kitenge. Joëlle alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, mchango wa matanga ulikuwa umetimia. Papa Hugues alimpa Évariste bahasha. Fedha zile zilizidi zile zilizotakiwa hospitalini. Watu ni walewale na milango ni ileile. Nina hasira ninapoandika haya.

Évariste alitengeneza jeneza la mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya tatu ya matanga, alisimama mbele ya majirani.

"Feza ya sanduku mulikuwa nayo," alisema. "Feza ya damu hamukuwa nayo. Na miye pia nilikataa. Alors, Mama Fatouma, tuelezee tena."

Mama Fatouma alieleza polepole.

"Kila mwezi, kila nyumba inalipa kidogo, wakati watu iko wazima. Mwenye kugonjwa anaonyesha karte. Mutuelle inalipa sehemu kubwa, yeye anamalizia kidogo. Lakini karte inaanza kazi miezi tatu ikishapita. Donc, musingoje ugonjwa."

"Na kama miye sigonjwe?" aliuliza Papa Hugues.

"Basi feza yako imeponyesha mutoto ya jirani. Iko mubaya?"

Papa Hugues aliandikisha nyumba yake kwanza. Nyumba kumi na saba zilimfuata, ya Évariste ikiwemo. Tatu zilikataa, na mpaka leo zinakataa.

Mwezi wa kumi, Arsène alishikwa na homa ileile. Odile na Évariste walichukua kadi ya mutuelle, wakaenda hospitali ileile, wakapita ukumbi uleule. Safari hii hakuna aliyeomba fedha za kuanzia. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa ameongezwa damu. Siku ya nne aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Évariste alimbeba mgongoni. Odile alitembea kando yao, akilia na kushukuru kwa pamoja. Arsène alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili.

"Papa, karte hii njo ilinipatia damu?"

"Eh, mutoto yangu. Hiyo njo."

"Na dada Joëlle, alikuwa na karte?"

Évariste alisimama katikati ya njia. Odile aliinamisha kichwa.

"Hapana," Évariste alisema. "Mama Fatouma alituletea mpaka mulangoni. Miye njo nilikataa."