Fanyeni Mnavyoona

Kila asubuhi Kalinga alifungua karakana yake ya samani pale Mafinga, akawasalimia mafundi wake, kisha akaenda zake mjini. Akiulizwa jambo alijibu, "Ninyi ni watu wazima. Fanyeni mnavyoona." Aliamini kwamba huko ndiko kuwaheshimu.

Isakwisa, fundi wa msumeno wa mashine, alimfuata mara tatu.

"Bosi, kinga ya msumeno imelegea. Tuzime mashine, au tumalize kwanza madawati ya shule?"

"Fundi ni wewe, Isakwisa. Amua."

Isakwisa aliogopa kuzima, akaogopa kuendelea. Kazi ikachelewa, wenzake wakamlaumu. Fundi mmoja alikata miguu ya madawati mifupi, mwingine mirefu, wakagombana. Gloria, aliyepaka samani vanishi, akaacha kula na wenzake. Isakwisa akaanza kukosa usingizi. Kalinga hakujua lolote. Hakuwepo.

Jumanne moja msumeno ule wenye kinga iliyolegea ulimkata Isakwisa vidole viwili vya mkono wa kulia.

Hospitalini Kalinga alikaa kwenye benchi, mikono kichwani. Jirani yake Esta, muuguzi aliyesimamia wodi miaka mingi, alikuja kumpa pole.

"Dada Esta, sijawahi kuwafokea hata siku moja!"

"Najua, ndugu yangu. Lakini walipokuuliza, uliwajibu nini?"

"Niliwaambia wafanye wanavyoona."

"Kumwamini mfanyakazi ni vizuri," Esta alisema, "lakini uwe karibu naye. Mwambie kazi yake ni ipi. Msikilize. Jambo zito amua wewe. Ukimwacha peke yake, anabeba kazi yake na yako. Mwili unachoka, na moyo unachoka."

Kalinga aliingia wodini kuomba msamaha.

"Nilikuuliza mara tatu, bosi," Isakwisa alisema polepole, akageukia ukutani.

Siku hizi kazi inaanza kwa kikao kifupi. Kila fundi anajua kazi yake. Mashine mbovu inazimwa papo hapo, na Kalinga mwenyewe anamwita wa kuitengeneza. Madawati yanatoka sawasawa. Gloria anacheka tena.

Lakini Isakwisa, alipotoka hospitalini, alikuwa amerudi kwao Mbeya. Kalinga alimfuata, akamwomba aje awe msimamizi. Isakwisa alimkaribisha chai, akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Hapana, bosi. Nikisikia mashine ikiwaka natetemeka. Ila hao waliobaki, wasikilize."

"Nitawasikiliza," Kalinga alisema. Walimaliza chai yao.