Chumba cha Chaneli ya Saba

Siku ya tatu baada ya king'amuzi cha kulipia kurudishwa kwa wenyewe, mshonaji aliona antena iliyowekwa badala yake imegeuka. Fundi alikuwa ameielekeza upande wa minara ya matangazo, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sasa ilikuwa imeinama juu ya paa la jengo lao, kama mtu anayechungulia kisima. Upepo haukuwapo. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia tuli.

Hakulitia maanani. Alipanda juu kuanua mashuka tu, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kuachwa peke yake zaidi ya dakika kumi. Mwaka uliopita kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, mkono na mguu. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa nyumbani siku nne kwa mwezi, na zote nne alilala. Kazi nyingine yote ilimwangukia mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa pale pale sebuleni, kati ya kitanda cha mgonjwa na televisheni. Hata mtaa wa pili alikuwa hajaufikia tangu masika.

Wazo la antena lilikuwa la dereva. "Chaneli mia na ushee, na Mama anaangalia moja. Tuone za bure."

"Za bure ndizo zenye watu ninaowaelewa," Mama alimwunga mkono. "Hao wengine wanaongea kama wana viazi vya moto mdomoni."

Antena ilileta chaneli sita: habari, mahubiri, mpira, bei za mifugo, tamthilia na katuni. Alasiri hiyo, akibonyeza rimoti kwa mkono wake mmoja mzima, Mama akapata ya saba.

Haikuwa na nembo wala jina. Ilionyesha sebule ya watu, tupu, yenye chenga kidogo, na sauti yake ilikuwa mvumo, kama nyuki ndani ya debe.

"Badilisha, Mama. Hiyo haijashika vizuri."

"Iache. Anakuja."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mshonaji akaigusa pasi yake. Ilikuwa baridi.

Kesho yake kwenye picha kulikuwa na mwanamke aliyekaa akiwa amewapa mgongo. Hakufanya lolote, alikaa tu. Mshonaji, huku akitia uzi kwenye sindano, alimtazama mara mbili tatu, kisha macho yake yakaenda kwenye pazia lililokuwa nyuma ya yule mwanamke. Lile pazia alilishona yeye. Pindo lake lilikuwa limepinda kushoto, kosa lake mwenyewe ambalo hakuwahi kupata muda wa kulirekebisha. Kitanda kilikuwa chao. Ufa wa ukutani ulikuwa wao. Ila pale penye mlango, kwenye picha, palikuwa na ukuta mtupu.

"Mama, huko si kwetu?"

"Nyumba zote zinafanana," alijibu Mama bila kugeuka, na akajikuna pua.

Alijikuna kwa mkono wa kushoto.

Mshonaji alilia kwa furaha. Alimpigia mumewe, naye akacheka mpaka ikambidi asimamishe lori pembeni. Ndani ya wiki moja Mama alikaa bila kushikwa. Wiki ya pili akasimama, ameegemea kabati, anatetemeka kama ndama aliyezaliwa jana. Nani angekumbuka harufu wakati huo? Nani angeuliza kuhusu mwanamke wa kwenye televisheni?

Asubuhi ile Mama aliposimama, mguu wa kushoto wa mshonaji ulikataa kukanyaga pedali ya cherehani. Akausugua, akasema ni uchovu. Mchana alikwenda jikoni akichechemea. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akarudisha macho kwenye televisheni.

Siku zikaenda. Mama alipata hatua mbili, kisha tano, kisha akafika dirishani. Mshonaji naye alianza kuangusha vikombe. Jirani wa ghorofa ya juu, mkunga mstaafu, alikuja kuona muujiza. Alimpongeza Mama, akampigia vigelegele, halafu akamfuata mshonaji jikoni akivuta hewa puani.

"Mwanangu," alinong'ona, "hicho anachokiangalia mama yako, wewe unakiona?"

"Nakiona. Chumba, na mwanamke amekaa."

"Mimi naona chenga tupu."

Mshonaji alishika ukingo wa sinki.

"Jini hana shamba la kulima uzima," alisema mkunga. "Akimpa huyu, amemnyang'anya yule. Angalia mguu wako. Iteremshe hiyo antena leo."

"Na nikiiteremsha, Mama si atarudi kitandani?"

Mkunga aligeukia sebuleni, Mama alikokuwa akihesabu hatua zake.

"Nipe mpaka kesho," mshonaji alisema. "Aifurahie miguu yake siku moja tu."

Kesho yake, saa tisa alasiri, hakuwa tena na mguu wa kungoja. Alijivuta mpaka ukutani, akachomoa waya wa televisheni.

Haikuzimika.

Mvumo ulipanda, na harufu ikawa nzito hata akaionja ulimini. Aligeuka aende juu ya paa, mkono umetangulia kutafuta kitasa, akakutana na ukuta, akasogea kushoto akakutana na ukuta, akarudi kulia akipapasa kwa kiganja kimoja kilichobaki na hisia, na kote palikuwa na ukuta, laini, baridi, kama haukuwahi kutobolewa tangu ujengwe, na kwa mbali sana, kama kutoka mtaa mwingine, alisikia mtu akibisha na sauti ya mkunga ikiita, "Fungua! Jamani, fungua!" naye akapiga ukuta akijibu, akapiga mpaka mguu ukamwisha nguvu na akateleza chini, na kutoka pale sakafuni akaona kwenye televisheni kwamba yule mwanamke, ambaye siku zote hizo hakuwahi kugeuka, ameanza kuzungusha kichwa polepole, na kwamba shavu linaloanza kuonekana ni shavu lake yeye.

"Mama," alinong'ona. "Mlango uko wapi?"

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Mlango si huo hapo? Nyuma yako."

"Siuoni."

Mama akatazama mlango, akatazama televisheni. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayesikiliza na kujibu.

"Anasema nikae humu humu," alisema. "Nikikaa, miguu ni yangu moja kwa moja."

"Mama…"

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kidogo."

Yule wa kwenye picha alikuwa ameshageuka nusu uso. Mama alijifuta machozi kwa kiganja cha kushoto, akakikunjua na kukikunja, akakitazama. Kisha akamruka mshonaji na kuingia ndani ya ukuta.

Yaliyofuata mkunga ndiye aliyeyasimulia. Mlango ulifunguka, Mama akampita bila salamu, akapanda ngazi ghorofa mbili bila kushika chuma cha pembeni. Juu ya paa aliukumbatia mlingoti wa antena kwa mikono yote miwili, akautikisa, akautikisa tena, akipiga kelele kama mwanamke wa leba, mpaka bolti zikang'oka. Antena ilianguka. Naye akaanguka juu yake, upande wa kushoto umelegea kama kamba iliyoachiwa.

Sebuleni televisheni ilizimika. Mshonaji alisikia kwanza honi za barabarani, kisha akaona mwanga wa ngazini ukiingia kupitia mlango uliokuwa wazi. Akasimama. Miguu yote miwili ilimbeba.

Wanaume wanne walimteremsha Mama kwa shuka. Mkunga aliivunjavunja antena kwa nyundo, na tangu hapo ile harufu haikurudi.

Wiki nzima Mama hakusema neno. Mshonaji alimwambia kila mtu kwamba mama mkwe wake ameacha miguu yake juu ya paa kwa ajili yake, na alimaanisha, na alilia kila aliposema. Jumapili, akimchana nywele, alimbusu utosini.

"Usinibusu," Mama alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka. "Yule mwenye nyumba aliniuliza uzima autoe kwa nani. Nikamwambia, kwa yeyote."

Kitana kilisimama. "Hukujua kama ni mimi."

"Mara ya kwanza, sikujua."

"Ukajua lini?"

Mama alifumba macho. "Siku ile ulipokwenda jikoni unachechemea."

Mshonaji alihesabu kimoyomoyo, kutoka siku ile mpaka siku ya paa. Zilikuwa siku tisa. Akahesabu tena. Kisha, kwa kuwa nusu ya kichwa ilikuwa bado haijachanwa, akaendelea kuchana.