Faith, Mkalimani wa Kina Mama

Asubuhi hiyo Faith aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akawapa kuku pumba. Baba yake, Zefania, alikuwa akishona midomo ya magunia ya alizeti na mtama. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mazao, malori yalifika kijijini Iguguno mpaka mlangoni mwa mkulima, na wanaume wengi waliuza papo hapo.

"Oga upesi," alisema mama yake, Magdalena. "Wageni wa chuo kikuu wanakusubiri."

Wageni hao walikuwa watafiti wawili. Walitaka kujua jinsi wenzi wa ndoa wanavyoelewana na kulea watoto, ili wilaya ichague vitongoji vya kupelekewa semina za familia. Alphonce alizungumza na kina baba kwa Kiswahili. Anifa, dada mchangamfu wa Singida mjini, alizungumza na kina mama. Mkalimani wao alikuwa ameugua malaria, na kina mama, hata wale waliojua Kiswahili cha sokoni, mambo ya nyumbani waliyasema kwa Kinyiramba. Mwalimu mkuu akampendekeza Faith wa darasa la sita.

Kefa, jirani waliyesoma naye, alimwona akipita. "Shikamoo, mkalimani wa mataifa!" alimtania.

"Marahaba, mjukuu wangu," Faith alijibu, akaongeza mwendo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Redempta. Anifa aliuliza, "Nani huamua mavuno yauzwe lini?"

Mama Redempta alicheka, akaeleza kwa Kinyiramba kwamba yeye hujua alizeti na mtama vimeuzwa akiona mumewe amerudi na redio mpya. Ikifika miezi ya mvua, watoto hulala na uji mwepesi, na redio inaimba.

Faith aliona aibu. Nyumbani kwao alifundishwa kwamba mgeni akiuliza hali, huambiwa ni nzuri. Akasema, "Wanaamua pamoja. Chakula kinatosha."

Anifa alimtazama. "Mama amesema maneno mengi, wewe umesema machache."

"Kinyiramba ni kirefu, dada," alijibu Faith.

Akaendelea hivyo nyumba kwa nyumba. Mwishowe walifika kwao. Mama yake alisema polepole kwa Kinyiramba, "Mume wangu si mtu mbaya. Lakini huuza hata mtama wa chakula bila kuniuliza. Mwaka jana mtoto wetu mdogo alikonda mpaka nikaogopa."

Faith alichungulia mlangoni. Baba yake alikuwa nje na Alphonce. "Anasema wanaelewana sana," alitafsiri haraka.

Mama yake aligeuka akamtazama, lakini hakumsahihisha mbele ya mgeni.

"Kitongoji chenu kina heri," alisema Anifa akiinuka. "Basi semina tutapendekeza ziende kwingine, kwenye shida zaidi."

Wageni walipoondoka, mama alimwita Faith jikoni.

"Kiswahili changu ni kidogo, lakini 'wanaelewana sana' nimeisikia."

"Mama, niliogopa wangetucheka. Na baba je, akijua?"

"Faith, miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maneno yale. Leo kaja mtu kuniuliza, na mwanangu mwenyewe ameniziba mdomo." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Faith zaidi.

Faith alikimbia mpaka shuleni, walikofikia wageni. Alimkuta Anifa akifunga begi.

"Dada, nimekudanganya," alisema huku akihema. "Si mama peke yake. Wote nimewabadilishia maneno. Mkienda kwingine, watoto wa kwetu watalala njaa tena, na mimi ndiye niliyesababisha."

Anifa alikaa kwenye dawati. "Ulitaka kuwalinda?"

"Ndiyo."

"Nimekuelewa. Na mimi nina kosa. Nilihisi kuna jambo, lakini nikaendelea. Tena sikupaswa kumbebesha mtoto siri za watu wazima. Kesho tutaanza upya, na nitatafuta mama wa kunitafsiria."

Kesho yake mapema, Faith aliwapitia kina mama wote, akawaomba radhi. Mama Redempta alimfinya shavu. "Kumbe nilimaliza pumzi yangu bure! Haya, nitasema tena, na safari hii nitaongeza chumvi."

Walipomaliza kuwauliza kina mama upya, safari hii wakitafsiriwa na mama mmoja, watafiti waliitisha mkutano kabla ya kuondoka. Hawakutaja jina la mtu.

"Hapa kwenu," alisema Anifa, "wake wengi hujua mazao yameuzwa lori likiwa limeshaondoka."

Alphonce akaongeza, "Na waume wengi wameniambia huuza haraka kwa kuogopa bei kushuka. Kila mmoja ana hofu yake, lakini hawaambiani."

Wanaume waliinamisha vichwa. Zefania alikuna shingo yake, akamtazama mkewe upande wa pili.

Semina za wilaya zililetwa kitongojini kabla ya mavuno yote kuuzwa. Zefania alihudhuria, mwanzoni akikaa karibu na mlango. Siku lori lilipofika, alimwambia mnunuzi asubiri.

"Mama Faith! Njoo kwanza. Tuuze alizeti kiasi gani, na mtama tubakize kiasi gani?"

Magdalena alifuta mikono, akatoka. Walibishana, wakacheka, wakabishana tena, huku mnunuzi akilalamika kwamba jua linamchoma. Mwishoni, mtama wote ulirudishwa ndani.

Jioni mama alimwita Faith wakachambue mboga pamoja.

"Mwanangu," alisema, "anayetaka kuisaidia familia lazima kwanza ajue inaumwa wapi. Ukiificha shida kwa aibu, humlindi mtu. Unamwacha aumie peke yake. Sema kweli kwa heshima, hata kama sauti inatetemeka."

"Yangu ilitetemeka sana, mama."

"Najua," alisema Magdalena. "Lakini ilisikika."