Kipimo cha Kumi na Moja

Mjomba wangu, mdogo wake mama, si mtu wa kutia chumvi. Kazi yake ni kuchora ramani, na mtu aliyezoea kugombezwa kwa kosa la robo mita hazushi mambo.

Mwaka huo ofisi yao ilikuwa inaunganisha njia za miguu za milimani, wilaya hadi wilaya, ili wapandaji wapate ramani moja. Ndani ya msitu vifaa vilikuwa vinapoteza mawasiliano, kwa hiyo walipima kwa futikamba ya mita hamsini, yeye na mwenzake waliyemwita Twiga kwa urefu wa miguu. Twiga alitangulia na ncha yenye sifuri. Ikikaza, anavuta mara mbili. Mjomba, aliyeshika hamsini, anaandika, kisha anasogea.

"Punguza hatua, Twiga. Mimi miguu yangu ya kawaida!"

Saa nne asubuhi ukungu ukashuka. Mgongo wa mwenzake ukapotea, ila kazi haikusimama. Kuvutwa mara mbili. Kuandika. Kusogea. Kipimo cha tano. Cha nane. Cha kumi na moja.

Hapo mtu akamgusa bega kutoka nyuma.

Alikuwa Twiga. Tope mpaka kifuani.

"Kaka," alinong'ona, "niliteleza bondeni tangu kipimo cha nne. Nimekuita mpaka koo limekauka."

Mjomba aliitazama futikamba mkononi mwake. Ilikuwa imekaza.

"Sasa nani kashika kule?"

Ikavutwa. Mara mbili.

Upepo ukapita, ukungu ukafumbuka kidogo. Njia ilikuwa imepinda kushoto zamani. Hatua mbili mbele yao palikuwa na genge, na chini ya genge, korongo. Futikamba ilikuwa imenyooka juu ya korongo lile, hewani, ikipotelea kwenye weupe.

Halafu ikaanza kutikisika. Kidogo kidogo. Kila mtikisiko karibu kuliko uliotangulia.

Mjomba aliiachia. Walikimbia.

Kesho yake, jua la mchana, walirudi na bosi wao. Futikamba ilikuwa inaning'inia gengeni, kasha lake limenasa kwenye mzizi. Bosi aliikunja mwenyewe, akiwacheka. Kicheko kikamkatika ghafla.

Penye kila mita palikuwa na alama za vidole, za udongo mweupe ambao mlima ule hauna. Zilianzia sifuri.

Ya mwisho ilikuwa kwenye arobaini na tisa.