Nyumba Isiyokaribisha

Kasoro ilikuwa ndogo. Katika picha aliyotuma Marcelina adhuhuri ile kutoka Norwe, ugali ulikuwa umemegwa tonge moja ubavuni, na alama za vidole zilionekana wazi, vidole vinene kuliko vyake. Chini yake alikuwa ameandika kama kawaida, "Karibuni." Wafaa, aliyeko Maskati, akamtania papo hapo: "Shoga njaa! Umeshindwa kungoja hata picha?" Marcelina akajibu kwamba hajaugusa. Wakacheka. Khole peke yake hakucheka. Alikuwa Tabora, ameketi kwenye kizingiti cha ghala la nyumba yao, anaitazama picha ile.

Tuseme mapema kabisa: Khole alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu alijua.

Watatu hawa walikuwa mashoga tangu usichana. Walisoma pamoja, walisukana nywele, walisengenyana na kupatana. Sasa wamezeeka, kila mmoja na magoti yake. Wafaa alihamia kwa wanawe Maskati, na sinia lake halionekani kwa mikono ya wajukuu. Marcelina alichukuliwa na bintiye, muuguzi, anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo hula peke yake, mbele yake kiti kitupu na dirisha la theluji. Khole alibaki. Kila mchana walitumiana picha kwenye simu: mtoto kaota jino, maua yamechanua, leo nimepika hiki. Na picha ya chakula haikosi neno lake. Muungwana hali mbele ya mtu bila kusema karibu, hata kama kilichopo ni kiporo.

Isipokuwa kwa kina Khole. Kwao hawakaribishi. Ile nyumba ya kuta nene na mlango wa nakshi ilijengwa na babu wa babu yake, aliyekuja na misafara kutoka pwani, na nyuma ya ua kuna ghala alimoweka pembe za ndovu. Watoto wa nyumba ile walifundishwa tangu wadogo: mkila, fungeni mlango, na neno lile lisiwatoke. "Ghalani kuna jini," bibi yao alikuwa akisema. "Lilikuja na msafara. Mkilikaribisha, litakaribia." Mji haukujua habari za jini. Mji ulijua kwamba ukoo ule wote una mkono wa birika, na mji ukishajua kitu kama hicho hausahau. Khole alichekwa shuleni, akachekwa siku ya arusi yake.

Kwa hiyo alituma picha za kila kitu, lakini chakula hakutuma hata siku moja, mpaka Wafaa alipoandika, "Huyu Khole hajatuonjesha hata chai ya picha. Damu nzito kuliko maji!" Ulikuwa utani. Lakini utani ukigusa kidonda unauma kuliko tusi. Khole alipika boko boko, ngano na nyama vikasongwa mpaka vikalainika, akamiminia samli juu, akabeba sinia mpaka kizingitini mwa ghala, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Akapiga picha. Halafu akashikilia kile kitufe cha kurekodi na kusema kwa sauti kubwa, sauti ambayo hajapata kuitumia ndani ya nyumba ile, "Karibuni! Karibuni nyote, na msiseme tena kwetu hatukaribishi!"

Nyuma yake, ndani ya ghala tupu, mzigo mzito ukatuliwa chini. Tuu.

Kisha ikaja harufu, ya jasho lililokauka na vumbi la njia ndefu. Kisha pumzi ya mtu aliyechoka. Khole hakugeuka. Simu ikalia mkononi: Marcelina amejibu, "Nimekaribia! Nanyi karibuni kwangu," na picha ya sahani yake, samaki na viazi. Pale pale harufu ikaanza kufifia, mpaka ikaisha. Khole alishukuru. Jamani, alishukuru! Jini limeondoka kwake, wala hakujiuliza limekwenda wapi.

Siku chache baadaye ndipo ilipokuja ile picha ya ugali uliomegwa. Khole alinyamaza. Ikaja picha ya mkate ulioumwa pembeni, akanyamaza. Marcelina akaacha kutuma picha za chakula, akatuma moja yake mwenyewe baada ya kubembelezwa na Wafaa: mashavu yamebonyea, kitenge kimemzunguka mara mbili. Wafaa akaandika kwamba amependeza, kapungua. Watu wazima na simu zao! Mtu anakwisha, wanampongeza.

Mchana mmoja Marcelina akapiga simu.

"Khole," alinong'ona, "uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Mbona unanong'ona?"

"Yupo jikoni. Kila nikipakua tu, namsikia anatua mzigo, sakafu inatikisika. Halafu kunanuka vumbi, Khole. Vumbi la kwetu, na huku nje ni theluji tupu."

"Umemwambia binti?"

"Kanipeleka hospitali, kanirudisha, kanipeleka tena. Wanasema hawaoni kitu. Ninakula, shoga yangu. Nakula mpaka nakwangua sufuria, lakini anayekula si mimi. Na hii njaa ninayoisikia si yangu." Alivuta pumzi. "Jana nimeshindwa kusimama."

"Usiseme karibu tena."

"Mbona sisemi? Wiki nzima sijasema. Yeye ndiye anayesema. Anasema nimekaribia. Hilo tu. Nimekaribia, nimekaribia, kama mtu aliyechoka kupiga hodi."

Khole alikata simu. Akamwendea mdogo wake, Azan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mbele ya nyumba ile ile. Azan alikuwa na ndoto ya kuigeuza nyumba kuwa gesti, wanunuzi wa tumbaku wapate pa kulala, na dada yake alikuwa akimkatalia.

"Azan, bibi aliwahi kukwambia lile jini linaondokaje?"

"Dada na wewe! Mambo ya wazee hayo."

"Marcelina anakufa."

"Uzee unamuua, na baridi ya huko." Alikuwa anahesabu mabati, hakuinua hata macho. "Lakini ukipata wa kulifukuza, mlete. Ghala lile linatoa vyumba vinne."

Khole alitamani kumpiga na kitu. Badala yake akamtafuta mzee Mahona wa Tura, mganga wa mizimu aliyewahi kumtibu jirani yake. Mzee alikuja kwa treni, na asubuhi alipofika hakutaka hata chai. Alilizunguka ghala, akasimama mlangoni, akasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Kimya. Akarudi uani, akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee," Khole alisema.

"Marahaba, mama. Nieleze."

"Nataka unitolee jini. Lilikuja na msafara, zamani za babu zetu."

"Lilikuja limepanda nini?"

"Kwa miguu, nadhani."

"Limebeba nini?"

"Pembe."

"Jini," Mahona alisema polepole, "limetembea kwa miguu kutoka Ujiji, na pembe ya ndovu begani. Haya. Likafanyaje?"

Khole alimweleza habari za boko boko na za Marcelina anayekula peke yake, kisha za zamani, kama alivyoelezwa na bibi. Lilifika na homa, watu wakahofia ndui, likafungiwa ghalani kwa kufuli. Watu wa nyumba walikula uani, wakikaribisha wageni, na kila waliposema karibu, lenyewe lilijibu kutoka ndani, nimekaribia. Hawakufungua. Lilijibu hivyo kwa siku nyingi, sauti ikizidi kufifia, mpaka likanyamaza, na tangu hapo nyumba ile ikaacha kukaribisha. Hadithi hii Khole aliisikia tangu utotoni, akaizoea. Sasa, kwa mara ya kwanza, alijisikia mwenyewe akiisema.

"Jini halifi kwa njaa, mama," Mahona alisema.

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingeniambia nilitoe." Mzee alikuwa amesimama. "Huyo ni mpagazi. Ni Mnyamwezi, ndugu yangu mimi. Mmemwita jini ili msimwombe radhi! Halafu juzi unamwonyesha boko boko kwenye kioo cha simu na kumwambia karibu. Mtu aliyekufa njaa! Hata mbwa hafanyiwi hivyo. Akaenda kwenye sahani ya kweli, kwa mwenye kiti kitupu. Wewe ungekwenda wapi?"

"Rafiki yangu ana kosa gani?"

"Hana. Na ndugu yangu alikuwa na kosa gani?"

Mahona akaketi tena. "Simfukuzi. Mgeni aliyekwisha alikwa hafukuzwi. Mwite mwenyewe, kwa sahani. Si hilo boko boko lenu, mpikie ugali. Ule naye, na usiondoe mkono kabla yake. Na mlango ule usifungwe tena maisha."

Khole alipika kwa hasira. Alichinja kuku, akasonga ugali na mwiko ukigonga sufuria mpaka majirani wakachungulia. Aliwakasirikia wazee wake wote, na tasbihi zao, na ubani wao wa kila Alhamisi waliokuwa wakimfukizia mtu waliyemuua wao wenyewe. Alimkasirikia bibi yake aliyempenda. Hasira kubwa zaidi alijiwekea mwenyewe, kwa zile siku alizonyamaza.

Adhuhuri aliweka sinia katikati ya ghala, simu pembeni na sauti ya Marcelina ikitoka kwa mbali, dhaifu kama ya mtoto mgonjwa.

"Mwambie mwenyeji wake anamwita," Khole alisema.

Marcelina alisema. Kisha Khole akasikia simuni mtu akiguna, kama anayejitwika kitu kizito, na nyayo zikaanza kutembea, nyayo zisizo na viatu, zikatoka jikoni kule Norwe, zikatoka ndani ya simu, zikawa ukutani, zikawa uani, zikija bila haraka kwa mwendo wa mtu aliyetembea maisha yake yote kwa mwendo huo huo, na vumbi likaingia ghalani wakati nje hakuna upepo, na ile harufu ikajaa mpaka Khole akaionja ulimini, na mwanga wa mlangoni ukapungua kama wakati mtu anapopita kuingia ndani, na Khole akainamisha uso kwenye sinia akisema moyoni usigeuke, usigeuke, mpaka mzigo ukatuliwa karibu kabisa na goti lake. Tuu.

"Karibu," alisema. Akarudia. "Karibu, baba. Waliokufungia walikuwa wazee wangu. Nakuomba radhi kwa ajili yao, na kwa ajili yangu. Kula."

"Nimekaribia," akajibiwa.

Mkono ukaingia kwenye sinia kando ya wake. Aliuona kwa pembe ya jicho: ngozi imeparara, kucha zimejaa vumbi jekundu. Ulimega, ukaondoka, ukarudi. Khole alimega naye. Kila tonge lake lilipoteremka aliona njaa ikimzidi, lakini hakuondoa mkono. Machozi yalimtoka, si ya woga tena. "Kula," alikuwa akisema, kama kwa ukali. "Kula, baba! Ulikuwa na haki ya kula siku ile ile."

Sinia lilipobaki jeupe, ule mkono ukatulia. Simuni Marcelina alikuwa analia.

"Khole, nasikia njaa," alisema. "Hii ni yangu. Naijua. Nataka uji."

Kesho yake ilikuja picha ya bakuli la uji, limejaa mpaka ukingoni, halijaguswa. Hapakuwa na neno chini yake. Wafaa, aliyekuwa amekwisha elezwa yote, alituma moyo mwekundu tu.

Tangu siku hiyo Khole alipakua sahani mbili kila mchana, moja akiipeleka ghalani na kula pale pale, mlango wazi. Waliishi hivyo kwa amani. Marcelina alinenepa tena. Azan alielezwa kila kitu, mbele ya mzee Mahona, akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuacha gesti yake. Nusu ya nyumba ilikuwa yake kwa urithi, na vyumba vya mbele akavipaka rangi.

"Fanya gesti," Khole alimwambia, "ila neno lile usiliandike ukutani kama huna sahani ya kumpa."

"Sasa niandike nini, Dada? Kwaherini?"

Na siku moja Khole aliingia ghalani kuchukua vyombo, akakuta sahani ya pili haijaguswa. Ugali umeanza kufanya ngozi juu. Hapakuwa na harufu, wala pumzi. Aliita, "Baba?" Hakujibiwa.

Akatoka mbio mpaka barabarani. Mchoraji alikuwa anaosha brashi zake, na ukuta mzima wa mbele, kwa maandishi mekundu yaliyokuwa bado mabichi, ulisema: KARIBUNI NYOTE. Azan alikuwa barazani pa duka lake, sahani ya wali na maharage mapajani. Alikuwa hajaanza kula. Alikuwa anaukodolea macho wali, mahali palipomegwa ubavuni.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "nani kanidokolea chakula?"

Ndani ya duka, katikati ya mifuko ya saruji, mzigo ukatuliwa.

Khole alikuwa na hasira, na safari hii hakutaka imwishe. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya Azan, upande wa pili wa sahani.

"Umemwita mwenyewe," alisema. "Msogezee."