Vifaa Viwili, Nafasi Moja

Jumatatu asubuhi Jannat alifungua darasa lake la Kurani la mtandaoni, na kabla hajatamka neno, spika za kompyuta zikawasalimia watoto kwa sauti yake.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Salamu ikaendelea.

“Baba Imran,” alimnong'oneza mumewe, “kuja uone hii mashine yako. Inaniongelea.”

Zaid alikuwa fundi wa kompyuta pale mtaa wa Jericho, fundi hodari, ila kiburi kilimjaa hadi puani. Kadi ya sauti aliyomfungia mkewe aliichambua kwenye rundo la vifaa vya mitumba kule soko la Muthurwa. Shangazi yake, Bi Ummulkheir, alimwambia aifukize ubani kwanza, kama wafanyavyo kwao kwa kila kitu kilichotumiwa na mtu wasiyemjua. Alimcheka. Ati kadi ina pua?

Sasa akafungua orodha ya vifaa. Viwili vilikalia nafasi moja: maikrofoni ya Jannat, na kingine kisicho na jina.

“Ni mgongano tu,” alisema, akakifuta kile kisicho na jina. Akazima, akawasha. Kimerudi. Akaing'oa kadi kwa bisibisi, akaiweka mezani. Kifaa bado kilikuwa kwenye orodha, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Kila alipokifuta, sauti ya Jannat ilizidi kukauka. Alhamisi alisogeza midomo, hakikutoka kitu. Zaid aliogopa, akamwita shangazi yake.

Bi Ummulkheir alifika adhuhuri na chetezo. Akasoma dua, moshi ukatanda, na kadiri alivyosoma ndivyo spika zilivyokwaruza na kukohoa na kumtukana kwa sauti ya Jannat, matusi ambayo Jannat hajawahi kuyatamka, hadi orodha ikatikisika kwenye kioo na vifaa vyote viwili vikawa na jina moja, Jannat na Jannat, kimoja kikiwa na alama ya njano.

“Usiguse,” Bi alinong'ona. “Wacha nimalize.”

Fundi gani hungoja? Chenye alama ya njano ndicho kibovu. Ndivyo Zaid alivyofanya kazi miaka kumi na miwili. Akakifuta.

Spika zikanyamaza. Jannat akashika koo, akaanguka magoti. Akapiga sakafu kwa viganja, akaipiga kwa nguvu zake zote, na sakafu haikutoa sauti. Zaid akaweka sikio kifuani pake. Moyo aliuhisi ukidunda shavuni. Hakuusikia.

“Umemfukuza mwenye nyumba,” Bi alisema. “Umebakisha mpangaji.”

Zaid akarukia waya wa umeme. Bi akamdaka mkono.

“Ukizima, sauti yake inakufa humo humo!”

Akabaki ameushika waya, analia kama mtoto. Darasa la mchana likajifungua lenyewe, nyuso ndogo zikajaa kwenye kioo.

“Haya wanangu,” Jannat wa kwenye spika akasema kwa upole, “washeni maikrofoni zenu, nyote.”

“Naam, mwalimu!” wakaitikia mara walipoziwasha.