Ile Isiyo na Pilipili

"Ongeza pilipili, mwanangu. Usiogope."

Kavira akaongeza kijiko cha pili.

"Tena. Mimi bila pilipili sijui kama nimekula."

Kavira alicheka, kisha kicheko kikakatika njiani.

Mama huyu alikuwa mzazi wa Aruna, mchumba wake. Alitoka Beni asubuhi hiyo, bila Aruna kujua, kuja kumwona bibi arusi kabla ya mbuzi wa mahari kutolewa. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini Kavira alikuwa akimlisha tangu mwaka uliopita. Aruna alipakia viazi Musienene kuvipeleka Beni, na kila safari alisimamisha lori lake, Fuso, mbele ya Kwa Mturuki, mkahawa mkongwe wa mtaa wa Furu, Butembo. Mturuki mwenyewe alisharudi kwao zamani. Alimwachia mzee Lukman jina na chuma cha kuzungushia nyama. Kavira ndiye aliyeikata na kuifunga ndani ya mkate. Aruna alichukua chawarma mbili: moja yake, nyingine, alisema, ya mama yake mwenye vidonda vya tumbo, isiyo na pilipili. Hiyo Kavira aliichagulia nyama laini, akaizungushia karatasi mara mbili isipoe njiani.

"Mama, na tumbo je?"

"Tumbo gani?"

"Aruna anasemaka iko na vidonda. Ile chawarma anakuleteaka, mimi hapana natia pilipili."

"Ananiletea?" Mama aliutazama mkate mkononi. "Mwanangu, hii ndiyo ya kwanza kukula."

Simu ikaita mezani. Ujumbe.

"Kavi wangu, niko nafika. Unifungie zile mbili. Ya mama hapana pilipili, amelala na tumbo."

Kavira alimgeuzia mama simu, mama akasoma mwenyewe.

"Pengine ni ya mugonjwa fulani," Kavira alisema polepole. "Tusimuhukumu kwanza."

Mama aliinuka. Alichukua mkate wake, akaenda kuketi nyuma ya pazia la jikoni.

Fuso ikapiga honi. Aruna akaingia akicheka.

"Papa Lukman, unichungie huyu bibi! Batu ba Furu wataniibia!"

"Leta mbuzi kwanza," mzee alijibu, "ndiyo nianze kulinda."

"Mama anasemaje juu ya chakula yangu?" Kavira aliuliza.

"Eh! Jana tu alisema: mukono ya huyu binti, hapana mwingine."

"Nilisema jana, Aruna?"

Pazia lilikuwa wazi, mama amesimama hapo. Mafuta ya nyama yalisikika yakidondokea moto.

"Ni nani anakulaka?" Kavira aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Kavi, nilitaka kukuambia..."

"Ni nani?"

"Amina. Wa Beni. Iko na mimba. Pilipili inamuchoma."

"Anajua mimi niko?"

"Hapana. Anajua tu kuna mama moja Butembo anafungaka muzuri."

Mama moja. Kavira alishika ukingo wa meza.

"Lakini Kavi, mbuzi ni zako! Nilishasema na baba yako. Na dini inaturuhusu bibi wawili."

"Dini ilikuruhusu kumupa mama yako ugonjwa hana?"

Aruna akatazama viatu vyake.

"Mbuzi zipeleke kwa Amina," Kavira alisema. "Mutoto azaliwe kwa baba yake."

Kisha akashika kisu. Alikata nyama, akafunga mkate wa kwanza. Wa pili aliuchagulia nyama laini kama siku zote, akauzungushia karatasi mara mbili.

"Hii ni yake. Yeye hajanikosea. Ila usirudi tena hapa."

Mama Aruna alimshika bega, machozi yakimtoka.

"Nilikuja kuchukua binti, mwanangu."

"Nenda naye, mama. Kule kunangoja bibi wa mutoto wako."

Walitoka. Fuso ikanguruma, ikashika barabara ya Beni. Kavira alisimama palepale, mkate mtupu mkono mmoja, kisu mkono wa pili, hata hakumwona mteja aliyeingia.

"Dada, nipe moja."

Ilimbidi aulize swali lile alilomuuliza kila mteja. Neno halikutoka.

Mzee Lukman akamwondolea kisu mkononi taratibu, akamsogezea kiti. Kisha akamgeukia mteja, akauliza yeye:

"Na pilipili, ao hapana?"